Kitabu Nilichosema Nimekipoteza

Kabugho, niliyechambua naye kahawa ujanani, tulimzika Mahango, juu kabisa, mahali ambapo gari linakuacha bondeni na sisi wazee tunapandishwa kwa kushikwa mikono. Nilipumzika mara nne njiani. Sikulia. Naandika hivyo kwa sababu mtu anaweza kuja kusema nililia, na sipendi kusifiwa kwa machozi ambayo sikuyatoa. Magoti yalikuwa yananiuma hata hayakuacha nafasi ya uchungu mwingine. Baada ya kaburi kufunikwa tuliketi chini ya turubai, tukapewa ugali wa muhogo na maharage, na mzee mmoja mrefu, amevaa koti la mvua kama yale wanayovaa wapagazi wa mlimani, akaja akaketi karibu nami bila kuuliza. Nilimtambua kwa masikio yake makubwa. Alikuwa Thembo wa Bwesumbu, mtu ambaye karibu miaka hamsini iliyopita angekuwa mume wa Kabugho kama si mimi. Alikula kwanza, polepole, akanawa mikono, halafu akaniuliza swali moja. Swali lenyewe nitalifikia. Nimerudi nalo Kasese, nimetoa daftari langu la zamani kwenye sanduku la bati, na sasa naandika, ingawa sina hakika kama najua kuandika. Niliishia darasa la saba. Nikikosea, kosa ni langu, si la walimu.

Mwaka wenyewe ni ule uliofuata baada ya Wahindi kufukuzwa nchini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikichambua kahawa katika ghala moja pale Bwera, karibu na mto unaotutenga na Kongo. Tulikuwa wanawake wanane kwenye meza mbili ndefu, chini ya paa la mabati lenye bati moja la kupitisha mwanga, na kila mmoja alipigania kukaa chini ya bati hilo. Kazi ilikuwa kutenga punje nyeusi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu, kutoka asubuhi mpaka jua linapogeuka. Vumbi la kahawa likikuingia kifuani halitoki. Mimi bado ninalo. Baadhi yetu tulikuwa Wakonzo, wawili walitoka Toro, na watatu walivuka kila asubuhi kutoka ng'ambo, kwa hiyo tulisemezana kwa Kiswahili, kila mtu na chake. Msimamizi alikuwa mwanaume aliyewahi kuwa jeshini, akapenda aitwe Afande. Alikuwa na sauti kubwa na moyo mdogo, yaani hakuwahi kumfukuza mtu. Nasema hivyo ili haki itendeke, kwa sababu wenzangu wengi walimwogopa mpaka mwisho.

Nyuma ya ghala kulikuwa na chumba ambamo mke wa mwenye ghala wa zamani, Mhindi, alikuwa akipumzika mchana. Alipoondoka aliacha kitanda cha chuma, kalenda, na sanduku la riwaya za Kiingereza. Siku moja nilimkuta Afande akichana kurasa za kuwashia moto wa chai.

"Afande, nipe hizo."

"Za nini? Wewe mwalimu?"

"Za kusoma tu."

"Kusoma tu," akarudia, kama mtu aliyeambiwa nataka kula udongo. "Haya, chukua. Lakini nikiona mutu analala kazini, nachoma yote. Umesikia?"

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Nilikuwa nikiamka kabla ya kengele ya kanisa, nikifungua dirisha la chumba nilichopanga, nikisoma sura moja kwa mwanga wa alfajiri, na sura moja tu. Kiingereza changu kilikuwa cha kuomba maji na kujibu mtihani. Neno nisilolijua nililiruka, na likirudi mara tatu ndipo nililitafuta kwenye kamusi ya parokia. Nikimaliza kitabu niliandika maoni yangu kwenye daftari lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Kuna watu wanaosema kitabu hiki kibaya, kile kizuri, wanamaliza. Mimi niliona si haki. Mwandishi amekaa mwaka mzima akiandika, halafu mimi nimhukumu siku ambayo jino linaniuma? Kwa hiyo chini ya kila maoni niliandika nilikuwa katika hali gani. Ninayo hapa. "Dokta wa kisiwani. Anaongea sana na wagonjwa wanakufa huku anaongea. Nilikuwa na njaa nilipokisoma, labda ndiyo sababu alinikasirisha." Na hiki: "Dada wawili na nyumba kubwa. Mvua inanyesha kurasa nyingi na hakuna anayelima. Lakini pale dada mdogo anapofua shuka za mgonjwa nilisahau chai mpaka ikapoa. Malaria." Na hiki cha mauaji: "Muuaji nilimjua mapema. Nisijisifu, aliyesoma kabla yangu alikuwa ameweka alama ya penseli kwenye jina lake." Leo nikisoma maoni hayo naona msichana aliyeogopa sana kuonea watu ambao hawakujua hata kama yupo.

Mwenzangu katika mambo haya alikuwa Madamu Kahindo, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Butembo, Mkatoliki wa rozari shingoni, aliyepanga chumba mkabala na changu. Yeye alisoma za Kifaransa, za mapenzi, vitabu vidogo vilivyochakaa vya kuingia mfukoni. Mimi sikujua Kifaransa, yeye hakujua Kiingereza, kwa hiyo tulibadilishana kwa mdomo, saa ya chakula, tumekaa juu ya magunia matupu na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, kwenye bakuli moja. Vyake vyote vilikuwa na bwana mwenye gari na binti mwenye kiburi.

"Sikia, Biira. Ule binti alikuwaka anapenda ule bwana, lakini hataki kusema."

"Kwa nini hasemi?"

"Akisema, kitabu kinaisha! Weye unauliza bintu ya ajabu." Akajipiga paja, akacheka. "Mi napenda vile. Kwa vitabu, watu beko na muda ya kuteseka vizuri."

Nilimwambia vyake vinafanana vyote. Alisema hata maharage yanafanana na tunakula kila siku. 

Wenzetu mezani wakasikia habari hizi na wakataka nao. Basi mikono ikawa inachambua na mimi nasimulia, sura niliyoisoma asubuhi ndiyo niliyoisimulia mchana, sikuwatangulia hata ukurasa mmoja, kwa sababu niliona ni kama kuonja chakula cha wageni. Afande alikuja kutunyamazisha siku ya kwanza. Siku ya pili alisimama mlangoni akijifanya anakagua bawaba. Siku ya tatu akasema, "Wewe, endelea. Hiyo mwanaume alifanya nini?" Lakini palikuwa na shida moja. Majina ya Kizungu hayakuwaingia. Nilisema jina la kaka, nikasema jina la mdogo wake, na meza nzima ikaniuliza swali lilelile: nani mkubwa? Kwetu jina ndilo linalokueleza. Ukiitwa Masika tunajua u binti wa kwanza, Biira wa pili, Kabugho wa tatu. Baluku ni mvulana wa kwanza, na unahesabu hivyo mpaka unafika kwa Thembo, wa tano, na wanaomfuata. Mtu asiyejulikana amezaliwa wa ngapi hajulikani hata kidogo. Humwelewi anachokasirikia wala anachodai. Na hao waandishi wa Kizungu wanaweza kukupitisha kurasa mia tatu bila kukuambia. Kwa hiyo nikaanza kuhesabu watoto katika kila riwaya na kuwapa majina yetu. Nikaondoa bahari pia, maana ni nani kati yetu aliyeiona? Nikaweka ziwa, na mji wa pwani ukawa Katwe, kule kunakochimbwa chumvi. Mahali pa treni nikasema Kasese. Tangu hapo hawakupotea tena, na mimi nilijiona fundi. Kujiona huko nako nakuandika.

Kitabu kilichonishinda kilikuwa na jalada la kijani, nusu yake imeliwa na mchwa, jina halikuonekana. Kilihusu mwanaume wa mgodini anayechumbia msichana wa kijiji jirani. Ni mtu mpole, hanywi, lakini kila baada ya muda anasafiri kwenda mji wa pwani na harudi na maelezo. Katikati ya kitabu dada wa msichana anamfuata, na anamwona kwa dirisha akiwa ameketi mezani na mwanamke mwingine, mtoto mapajani. Nilihesabu ndugu za mwanaume huyo kwa uangalifu. Wawili walikuwa wanaandika barua, mmoja alikuwa mwanajeshi, mmoja alikufa sura ya pili kwa kuangukiwa na mwamba. Yeye alikuwa wa tano. Nikaona niseme nini? Nimwite wa nne kwa sababu ya kuogopa, hali kitabu kinasema ni wa tano? Mchumba wa Kabugho aliitwa Thembo na alifanya kazi mgodini Kilembe, hilo nililijua. Lakini akina Thembo walikuwa wengi kila kilima, na wa mgodini peke yao wangejaza lori. Hata hivyo nilimuuliza Kabugho kwanza. Alikuwa amekaa chini ya lile bati la mwanga, ana mikono myepesi kuliko sisi wote.

"Huyu wa kitabu anaangukia jina la mtu wako. Nimbadilishe?"

"Muache," akasema, akicheka. "Nimuone anavyotongoza. Wangu hajui, anaongea habari ya mawe tu."

Basi alikuwa Thembo wa mgodini, akisafiri kwa siri kwenda Katwe. Alhamisi moja nilisimulia sura ya dirishani. Punje zikawa hazianguki. Hata Afande alisema, "Mpumbavu huyo. Funga pazia kwanza!" Watu wakacheka, Kabugho akacheka kuliko wote. Nilichosahau ni kwamba nje ya dirisha letu la wavu kulikuwa na jamvi la kuanikia, na aliyekuwa akigeuza kahawa hapo siku hiyo alikuwa shangazi yake Kabugho, dada wa baba yake, mwanamke aliyemlea na mwenye kauli ya mwisho juu ya ndoa yake. Sisi sote tulimwita Shangazi. Alisikia sura hiyo moja tu.

Ijumaa asubuhi alinisubiri njiani na kuku jike mwekundu, amefungwa miguu. Akanishika mikono yote miwili.

"Umefanya vizuri, binti yangu. Umesema kwa adabu."

"Nimesema nini, Shangazi?"

"Sawa. Hujasema kitu." Akanipa kuku. "Ndiyo vizuri hivyo. Hujasema kitu, na sisi tumesikia."

Hapa lazima nieleze, maana vijana wa siku hizi wanasemana usoni. Zamani kwetu, mtu mwenye habari mbaya ya mchumba hakuja nayo mikononi. Angekuja ameketi, angesimulia habari ya watu wengine wa mbali, na mwenye masikio angejichukulia. Hivyo hakuna aliyemshtaki mtu, na hakuna ukoo unaoweza kuja kudai umetukanwa. Nilijua desturi hiyo tangu utotoni. Ningewezaje kusahau kwamba ndivyo nilivyokuwa nikifanya kila mchana, kwa majina yetu na miji yetu? 

Jioni jua likiwa bado juu nilienda nyumbani kwake na kile kitabu kwapani na kuku mkononi. Chumba kilikuwa na moshi, samaki wa Katwe aliyekaushwa amening'inia juu ya jiko, picha ya Bikira Maria ukutani. Hakunisikiliza mpaka nimekula. Nikala samaki na ugali. Halafu nikamfungulia kitabu.

"Shangazi, ile ni habari ya Wazungu. Iko hapa. Tazama."

"Mimi sisomi. Soma wewe. Jina lake nani hapo?"

"Hapa imeandikwa Frederick."

Akatikisa kichwa taratibu, na nikaona anazidi kunipenda. "Umeficha jina hata kwenye kitabu. Wewe una heshima kuliko mama yako."

"Sijaficha! Mimi ndiye niliyemwita Thembo. Nilihesabu ndugu zake."

"Ni wa ngapi?"

"Wa tano."

"Basi."

"Shangazi, wa tano wako wengi."

"Wako wengi. Na wa mgodini? Wako wengi. Na wanaokwenda Katwe mara mbili kwa mwezi bila kuniletea hata chumvi? Fundi baiskeli alimwona kule." Kila mtu alikwenda Katwe, hata padri, lakini nilipofungua mdomo akaniwekea kiganja juu ya goti. "Usiogope. Sitakutaja. Nikiulizwa nitasema ni ndoto."

Shangazi alikataa kumchukua tena kuku wake. Na nizitendee haki pande zote: hakuwa mwanamke mjinga wala mwovu. Alikuwa ameachwa na mume aliyekuwa na nyumba nyingine, wote walijua isipokuwa yeye, na hakuna aliyekuja kumsimulia habari ya watu wa mbali. Alidhani mimi nimefanya kwa Kabugho kile ambacho yeye hakufanyiwa.

Jumamosi mbuzi wa posa walirudishwa Bwesumbu. Walipita mbele ya ghala saa za mchana, wajomba wawili na fimbo, mbuzi wakisimama kila hatua kula majani ya kando kana kwamba hakuna haraka. Sote tuliacha kazi tukaenda dirishani. Kabugho hakusimama. Nilitazama mikono yake. Ilikuwa inaendelea kutenga, nyeusi huku, nzima huku, ila nilipoangalia kwa makini nikaona ameanza kurudisha zile nyeusi kwenye rundo jema.

Jumapili, baada ya misa, Madamu Kahindo alimpika yule kuku. Nilimwambia sitamla. Akasema kuku hana kosa. Alimpika kwa karanga, na wali wa mchele wa ng'ambo, na nisidanganye, nilikula, nikala tena. Halafu, kwa kuwa sikuweza kukaa na mashaka yangu, nilivunja sheria yangu ya sura moja, nikakisoma kile cha kijani mpaka mwisho, nimekaa kizingitini, alasiri nzima. Yule mwanamke wa dirishani alikuwa mjane wa kaka yake, yule wa sura ya pili aliyeangukiwa na mwamba. Mtoto alikuwa wa marehemu. Kaka alipokuwa anakufa alimwomba mdogo wake awatunze, na yeye alikuwa akiwapelekea chakula na hakusema, kwa sababu kwa Wazungu wa kitabu kile, sijui kwa nini, jambo hilo lilikuwa la aibu. Kwetu angelisema siku ya kwanza na angesifiwa. Nilimsimulia Madamu Kahindo. 

"Kwa hiyo alikuwaka mutu muzuri."

"Mzuri kabisa. Kesho nitawasimulia."

"Biira, sikia mi. Mbuzi zimekwisha kupanda mulima. Ukisema kesho, watu watasema balikulipa. Ile shangazi atasikia haya. Na weye umekula kuku yake."

"Wewe pia umekula."

"Mi niko Mukongomani," akasema, "mi nakula tu." Lakini hakucheka.

Jumatatu tulirudi mezani. Afande alisimama mlangoni, Shangazi alikuwa nje na jamvi lake, akanipungia mkono kupitia wavu. Hakuna aliyethubutu kuniomba hadithi. Kabugho ndiye aliyesema, bila kuinua macho.

"Biira. Ile ilikuwa kitabu tu?"

"Kitabu tu. Haki ya Mungu."

"Basi endelea. Nataka kujua mwisho wake."

Mikono yote ilisimama. Na nilikuwa nao mwisho huo, nilikuwa nao mdomoni, mbuzi walikuwa na siku mbili tu kule juu, mjomba angeweza kuwarudisha kwa siku moja. Kama yule wa kitabu ni mtu mwema, basi hadithi ambayo Shangazi aliichukua kuwa onyo ingekuwa onyo la kinyume. Ningemaliza kwa njia ileile niliyoanzia, bila kumshtaki mtu. Nilimtazama Shangazi kupitia wavu. Alikuwa akinitazama kama mtu anayemtazama mtoto wake akisoma mbele ya kanisa. Nikasema, "Nimekipoteza."

"Umekipoteza wapi?"

"Sijui. Njiani."

Kabugho alinitazama kidogo, akarudi kwenye kahawa yake. Afande akapiga mlango. "Kazi! Munangoja nini?"

Hayo ndiyo yote. Kabla mwaka haujaisha Kabugho aliolewa Mahango na mwanaume mmoja wa makamo aliyefiwa na mkewe, mwenye mashamba ya kahawa, mtu wa kukohoa na wa maneno machache, asiyempiga. Alizaa watoto saba na wanne wako hai. Sijui kama alikuwa na furaha. Nilikutana naye sokoni mara nyingi na tuliongea habari za mvua na shule. Thembo aliacha mgodi, akahamia Nyakalengija kuwabebea mizigo wageni wanaopanda mlimani, akaoa baadaye sana. Mimi niliacha kusimulia. Nilijiambia nilinyamaza ili nisimuumize Kabugho mbele ya watu kwa kumwonyesha kilichokwisha kuondoka. Siku nyingine najiambia niliogopa tu. Nimezipima sababu hizi mbili miaka yote hiyo, kwa uangalifu, kama nilivyohesabu ndugu wa yule mtu, na nimechoka kuzipima. Riwaya niliendelea kusoma, lakini sikuwahi tena kukiamini kitabu kwa urahisi ule. Nikifika katikati na mtu anaonekana mbaya, nafunga, napumzika siku nzima.

Sasa lile swali. Thembo alinawa mikono, akaikausha kwenye koti lake, akasema, "Biira, ile kitabu yako. Hiyo mutu mwenye jina yangu. Mwisho alifanya nini?"

Nilitaka kusema nimekipoteza. Neno lilikuwa tayari, limeshazoea. Lakini watu walikuwa wakiimba upande wa pili wa turubai na kaburi lilikuwa linaonekana, na nilikuwa nimechoka sana hata kudanganya ni kazi. Nikamweleza yote, mjane, mtoto, mwamba, ahadi. Nilisimulia vibaya, nikirudi nyuma. Alisikiliza akiangalia sahani yake.

"Ee," akasema. "Basi Kabugho alisema kweli."

"Alisema nini?"

"Tulionana Kasese, stesheni, watoto wake wakiwa wadogo. Mara moja tu. Nikamwambia, mimi Katwe nilikuwa nanunua chumvi ya kuleta kwenu siku ya arusi, gunia zima, nilikuwa naficha kwa rafiki. Akasema najua. Nikasema umejuaje, nani amekwambia? Akasema hakuna. Akasema Biira hawezi kupoteza kitabu, yule hapotezi hata sindano. Kama yule mutu angekuwa mbaya mpaka mwisho, Biira angetusimulia."

 Alinisaidia kusimama, akanishika mkono kwenye mteremko mpaka penye gari, kwa ustadi, kama anavyowashika wageni, akiniambia niweke mguu wapi. Hakuwa na hasira. Au alikuwa nayo na imezeeka, siwezi kumsemea.

Nimefungua daftari ukurasa wa kile kitabu cha kijani. Nimekuta nimeandika hivi: "Mwisho ni mzuri. Mwandishi amechelewa mno kutuambia." Chini yake, mahali ambapo kila mara niliandika kama nilikuwa na njaa au homa, pameachwa wazi. Ndio ukurasa pekee ulioachwa wazi katika daftari zima. Nimechukua kalamu, nimejaza: "Nilikuwa mzima wa afya. Nilikuwa na alasiri nzima. Nilikuwa nimeshiba, kuku wa Shangazi."